Katuni Ikiisha, Kitabu Kianze

Ushauri kwa walimu, wazazi na wachoraji wa Kibera na Kawangware wanaotaka kugeuza filamu fupi za katuni kuwa vitabu vya picha

Mtoto wa Gatwekera kule Kibera au wa Gatina kule Kawangware anaijua katuni vizuri. Huiona kwenye simu ya mama jioni, kwenye televisheni ya jirani aliyeacha mlango wazi, au shuleni siku mwalimu anapokuja na tarakilishi. Akiipenda ya dakika tano, ataitazama mpaka ajue mhusika atacheka lini na mlango utagongwa lini. Kisha bando linakwisha, tokeni za stima zinakwisha, au mwenye simu anaondoka kwenda kazini, na hadithi inaondoka naye.

Makala hii ni ya yeyote anayetaka hadithi hiyo ibaki nyumbani: mwalimu wa chekechea (PP1) katika shule ndogo ya mtaani, mzazi mwenye watoto watatu na chumba kimoja, kijana mchoraji anayetafuta kazi yenye maana. Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Kitabu kizuri kilichotokana na katuni si albamu ya picha zilizokatwa kwenye filamu. Ni hadithi iliyotungwa upya kwa ajili ya sauti ya anayesoma na mkono wa mtoto anayefungua ukurasa. Ukilishika hilo, utajua la kufanya hata pale ambapo makala hii imenyamaza.

Nairobi inalijua jambo hilo tangu zamani. DJ Afro alijipatia jina katika vibanda vya video kwa kuchukua filamu za ng'ambo na kuzisimulia upya kwa lugha ya mtaa. Hafuati neno kwa neno. Anawaongelesha wahusika, anawahimiza, anawakaripia, na watu hulipa kiingilio kwa ajili ya sauti yake. Mtengenezaji wa kitabu cha watoto anahitaji ujasiri huohuo wa kusimulia upya, pamoja na uangalifu zaidi, kwa sababu msikilizaji wake ana miaka mitano.

Kwa nini uanzie kwenye katuni

Mtoto anayejifunza kusoma hubeba mizigo miwili kwa pamoja: kutambua herufi na silabi, na kuelewa kinachosemwa. Hadithi anayoijua tayari humpunguzia mzigo wa pili. Akifika kwenye neno gumu, anajua linapaswa kuwa nini, basi analikisia, analitazama tena, analipata. Walimu waliofundisha kwa mpango wa Tusome, ambao Wizara ya Elimu iliueneza nchi nzima kuanzia mwaka 2015 na kuhakikisha kila mwanafunzi wa darasa la kwanza na la pili ana kitabu chake, wanajua tofauti kati ya mtoto mwenye kitabu mkononi na yule anayechungulia cha mwenzake. Tatizo ni kwamba vitabu vingi vinavyofika katika mitaa yetu ni vya kiada. Vya kusoma kwa raha ni vichache, na mtoto asiyesoma kwa raha huacha kusoma mara mwalimu anapogeuka.

Njia hii imeshatumiwa, tena hapahapa jijini. Mfululizo wa *Tinga Tinga Tales*, wenye sehemu 52 za dakika 11 hivi kila moja, ulitengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010. Hadithi zake zinaeleza kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kobe ana gamba lenye nyufa. Mwaka huohuo Puffin ya Uingereza ilianza kutoa vitabu vya picha vilivyotokana nazo. Picha zake zilihamia kwenye karatasi bila taabu, na sababu yake ni ya kuzingatiwa. Mtindo wenyewe ulitoka kwenye uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Rangi bapa, mistari iliyokolea, mnyama mmoja mkubwa anayejaza nafasi: michoro ya aina hiyo ilikuwa tayari ya ukurasa kabla haijawa ya televisheni.

Katuni za kufanyia kazi hazikosekani. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limewapa watoto wetu *Akili and Me*, hadithi za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kuingia kila usiku katika nchi ya ndoto. Hapa Kenya, stesheni ya televisheni ya watoto ya Akili Kids! ilianza kurusha matangazo Machi 2020, wiki ambazo shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya Korona, na watoto wengi wakapata darasa lao pale.

Ng'ambo upo mfano mwingine unaofaa kuutafakari. Mwaka 2011 studio ya Moonbot ya Louisiana, Marekani, ilitoa filamu fupi *The Fantastic Flying Books of Mr. Morris Lessmore*, ambayo wahusika wake hawasemi neno lolote. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2012, na mwaka huohuo William Joyce, mmoja wa waongozaji wake, akaitolea kitabu cha picha. Filamu haikuwa na maneno ya kunakiliwa, hivyo ilimbidi atafute sauti ya msimuliaji. Nawe fanya hivyohivyo hata kama katuni yako imejaa mazungumzo.

Anza kwa kuuliza hadithi ni ya nani

Kabla ya kushika penseli, jua mwenye mali. Katuni kuwekwa YouTube bila malipo hakukupi ruhusa ya kuichapa. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya kuigeuza kazi kuwa umbo jingine ni ya mwenye kazi. Sheria hiyo haibadiliki kwa sababu unafundisha watoto maskini, wala kwa sababu utatoa nakala hamsini tu.

Una njia tatu halali.

Ya kwanza ni kuomba ruhusa kwa maandishi. Eleza unataka filamu ipi, kitabu kitakuwa na kurasa ngapi, nakala ngapi, lugha gani, kitauzwa au kitagawiwa bure. Uliza pia kama utatumia michoro yao au utachora upya. Studio ndogo za Nairobi huendeshwa na vijana wanaotamani kazi zao zienee, na barua iliyo wazi ina nafasi nzuri ya kujibiwa. Jibu la simu au la mazungumzo ya kahawa halitoshi. Litake kwa karatasi au barua pepe, na ulihifadhi.

Ya pili ni kutumia kazi ambazo wenyewe wameziruhusu kwa leseni huria za Creative Commons. African Storybook, kwa mfano, imekusanya hadithi nyingi za picha za Kiafrika ambazo unaweza kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuzichapa mradi umewataja watunzi na wachoraji. Kwa filamu, soma leseni yenyewe hadi mwisho, maana nyingine zinakataza kuuza na nyingine zinakataza kubadilisha.

Ya tatu ni kurudi kwenye chimbuko. Katuni nyingi za Afrika Mashariki zimetokana na ngano za wazee wetu. Kwame Nyong'o alitengeneza mwaka 2011 filamu fupi *The Legend of Ngong Hills*, juu ya zimwi la msituni na msichana wa Kimaasai. Michoro yake, sura za wahusika wake na maneno yake ni mali yake. Lakini simulizi za vilima vile, ambavyo mtoto wa Kawangware huviona anga likiwa safi, zilikuwapo kabla ya kamera. Unaweza kwenda kwa wazee ukazisikia na kuandika kitabu chako mwenyewe. Fanya hivyo kwa adabu: tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na hata isingekuwapo, kumtaja mzee aliyekusimulia na jamii yake ni haki yao.

Kitabu chako kikikamilika, hakimiliki inakuwa yako bila kuandikishwa popote. Hata hivyo kiandikishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili uwe na ushahidi siku mtu atakapokinakili.

Itazame bila sauti, kisha isikilize bila picha

Ukiwa na ruhusa, itazame katuni mara ya kwanza kama mtoto, kwa kufurahi tu. Mara ya pili zima sauti. Andika yale unayoyaelewa kwa macho peke yake: nani anataka nini, nani anamzuia, wapi sura ya mhusika inabadilika. Hayo ni ya mchoraji. Mara ya tatu geuza simu kifudifudi usikilize tu. Andika maneno ambayo yasingekuwapo ungepotea, sauti zinazochekesha, na msemo unaorudiwarudiwa. Hayo ni ya mwandishi.

Kisha funga kila kitu na umsimulie mtu hadithi kwa sentensi kumi na mbili. Msimulie jirani, fundi cherehani, mtoto wa shangazi. Usirudi kwenye filamu kukumbuka. Ulichokisahau huenda hakikuwa cha lazima. Katuni hujaza nafasi kwa mbio, kuanguka, muziki na vichekesho vya sekunde tatu ambavyo kwenye karatasi hugeuka maelezo marefu. Viache huko kwenye skrini. Watoto watavikuta tena watakapoitazama.

Picha 7,500 na nafasi kumi na mbili

Katuni ya dakika tano yenye fremu 25 kwa sekunde ina picha 7,500. Kitabu chako kitakuwa na nafasi kumi na mbili hivi. Hesabu hiyo inaonyesha kazi ilipo. Mwanzoni kila mtu huchagua picha nzuri. Chagua badala yake picha ambazo kitu kinakaribia kutokea.

Tuchukue mfano usio na mwenye kuudai, kisa cha Kima na Papa. Kilisimuliwa Unguja, na Edward Steere akakichapa mwaka 1870 pamoja na kisa cha punda wa dobi. Tuseme tuna katuni ya dakika tano iliyotokana nacho. Namna moja ya kuipanga katika kurasa pacha, yaani kurasa mbili zinazotazamana, ni hii:

1. Mkuyu ufukweni, kima juu, bahari chini.
2. Papa anainua kichwa na kuomba tunda.
3. Siku baada ya siku, picha nne ndogo: jua, mvua, mwezi, jua tena, na matunda yakianguka.
4. Papa anamwalika kima nyumbani kwake.
5. Kima anashuka, mguu mmoja mgongoni kwa papa, mkono mmoja bado kwenye tawi.
6. Bahari kuu, nao ni doa dogo katikati.
7. Papa anasimama. "Mfalme wetu mgonjwa. Dawa yake ni moja tu…"
8. Uso wa kima umejaza kurasa zote mbili: "Moyo wa kima."
9. Kima anamjibu papa kwamba moyo wake ameuacha mtini.
10. Papa anakata maji kurudi.
11. Kima anaruka.
12. Kima yuko juu, papa yuko chini, anangoja.

Tazama kilichofanyika kati ya nafasi ya saba na ya nane. Sentensi imekatwa katikati, na jibu lipo nyuma ya karatasi. Katika filamu ni mhariri anayeamua mtoto angoje sekunde ngapi. Katika kitabu mtoto ndiye anayefungua, na anaweza kusita na kumtazama dada yake kwanza. Kila kitabu cha picha kinahitaji angalau sehemu mbili za namna hiyo. Ukishindwa kuzipata, rudi kwenye sentensi zako kumi na mbili uzipange upya.

Tazama pia nafasi ya tatu na ya sita. Ya tatu inakusanya miezi katika ukurasa mmoja, na ya sita inapanua dakika moja ya upweke mpaka mtoto aisikie. Ukurasa unaweza kubeba mwaka au kupepesa jicho. Utumie uhuru huo, kwa maana kitabu chenye picha kumi na mbili za ukubwa mmoja na umbali mmoja huchosha hata kama kila mchoro ni mzuri.

Maneno machache, yenye sauti

Kwa watoto wa PP1 na PP2, maneno 15 hadi 30 kwa kila kurasa pacha yanatosha. Kwa Gredi ya 1 na ya 2 unaweza kufika hamsini. Kosa linalojirudia zaidi ni kueleza kile ambacho picha imeshasema. Kama mchoro unamwonyesha kima akiwa mgongoni mwa papa katikati ya bahari, usiandike: "Kima alikuwa amekaa mgongoni mwa papa na walikuwa wanapita baharini." Andika kile ambacho jicho halioni: "Nchi kavu ikawa uzi. Kisha hata uzi haukuonekana."

Lugha yetu ina hazina ambayo mtunzi wa vitabu vya watoto angekosea kuiacha, nayo ni tanakali za sauti. Tunda linaanguka majini *chubwi*, kima anatua tawini *pu*, mvua inapiga mabati *pa-pa-pa*, giza ni *tititi*. Katuni ilikuwa na spika, kitabu kina tanakali. Weka moja au mbili kwa hadithi, mahali pamoja kila zinaporudi, na watoto watazipiga kabla ya msomaji. Hapo darasa zima linasoma, hata mtoto ambaye bado hajaijua herufi a. Kibwagizo nacho kinasaidia: sentensi fupi inayorudi mara tatu au nne humpa msomaji mchanga mahali pa kupumzika, kwa sababu anaijua. Na ukianza kwa "Paukwa!" watoto wakaitikia "Pakawa!", umeshawaambia kwamba sauti zao zinahitajika.

Kuhusu lugha, nashauri masimulizi yawe Kiswahili chepesi na safi, kile ambacho mtoto atakutana nacho darasani, na mazungumzo ya wahusika yawe na uhai wa mtaani bila kuzama kwenye Sheng ya msimu, ambayo mwakani itakuwa imepitwa. Kumbuka pia kwamba Kibera na Kawangware ni mitaa ya lugha nyingi. Katika chumba kimoja cha Makina unaweza kusikia Kinubi, na mlango wa pili Kijaluo, Kiluhya au Kikamba. Acha nafasi chini ya ukurasa, mstari mmoja mtupu, ili nyanya aandikiwe sentensi hiyo kwa lugha yake. Nafasi hiyo hugharimu sentimita mbili tu za karatasi na humwingiza nyanya kwenye usomaji.

Ukimaliza, soma kwa sauti mbele ya mtu, na kelele za mtaa zikiwapo: redio ya jirani, pikipiki, mtoto analia. Sentensi inayopotea kwenye kelele hizo ni ndefu mno. Ikate.

Michoro: chora upya inapobidi

Hapa wengi hupoteza fedha. Picha iliyonaswa kwenye video ya HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Printa nzuri inahitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha hiyo inatoa ukubwa wa sentimita 16 kwa 9 tu, pungufu ya ukurasa mmoja wa A5 uliolazwa. Ukiivuta ijaze A4 itakuwa na ukungu. Omba studio faili asili za michoro, au filamu ya 4K, ambayo fremu yake inafika sentimita 32 kwa 18. Kama hazipatikani, chora upya.

Mimi hupendelea kuchora upya hata faili zikiwapo. Skrini ni pana na fupi, ukurasa hauko hivyo. Ukikata pembeni unapoteza mhusika, ukiacha unabaki na mapengo juu na chini. Tena mhusika wa katuni hueleweka kwa mwendo wake, na ukimsimamisha huonekana kama aliyeganda. Mchoraji wa kitabu huinamisha bega, hupeperusha nguo, huacha kandambili moja nyuma, ili jicho liendelee na mwendo lenyewe. Na wachoraji tunao. Kundi la Maasai Mbili limefanya kazi Kibera tangu mwaka 2001, na waanzilishi wake walitoka kwenye uchoraji wa mabango ya maduka. Mtu anayeweza kuchora kinyozi ukutani mpaka mpita njia asimame anajua kufanya picha isomeke kwa mbali. Mlipe mchoraji wako, na jina lake liwe kwenye jalada pamoja na la mwandishi.

Mambo matatu ya kukagua kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji. Kwanza rangi: skrini hutoa mwanga, karatasi haitoi, hivyo kijani na samawati zinazong'aa kwenye simu hufifia zikichapwa. Geuza faili kwenye mfumo wa rangi nne za uchapaji mapema, uone hasara ilipo. Pili ngozi: nyuso nyeusi zikichapwa vibaya huwa giza tupu lenye macho. Weka mwanga shavuni na kwenye paji, tumia hudhurungi zaidi ya moja, na uchapishe ukurasa wa majaribio kabla ya kukubali. Tatu mahali: kama hadithi inafaa kuhamia kwetu, ihamishe kweli. Mitungi ya njano ya maji, reli inayopita katikati ya Kibera, mama mboga na meza yake, nguo zilizoanikwa juu ya kichochoro. Mtoto akiona mtaa wake kitabuni, anajifunza kwamba mahali anapoishi panastahili hadithi. Lakini usichore taka na mitaro tu. Watoto hawa wana sare zilizopigwa pasi, wana mipira, wana mama wanaocheka.

Kuchapa bila kufilisika

Vitabu vinavyofungwa kwa stepuli katikati huwa na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Kwa kurasa pacha kumi na mbili, 28 zinakufaa: moja ya jina, 24 za hadithi, tatu za mwisho kwa majina ya waliohusika, maswali na nafasi ya mtoto kuchora. Acha milimita 3 za ziada kila upande ambako picha inafika ukingoni, ili kisu cha mchapaji kisilete mstari mweupe. Weka maneno mbali na mkunjo. Tumia herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, zenye umbo wazi, na usichape maneno juu ya picha yenye mambo mengi.

Kabla ya faili yoyote, tengeneza kitabu cha mfano kwa karatasi za kawaida, michoro ya haraka ya penseli na stepula. Kifungue, kifunge, kipe mtoto. Makosa yanayogunduliwa hapo hurekebishwa kwa kifutio.

Kisha zungukia wachapaji wa River Road na wa Industrial Area, uombe bei kwa maandishi kutoka kwa watatu au zaidi, ukitaja ukubwa, idadi ya kurasa, aina ya karatasi, jalada na nakala. Uliza kama bei imejumuisha VAT ya asilimia 16. Kwa nakala chache, mashine za dijitali ni nafuu. Zikifika mamia kadhaa, ofseti huanza kushusha bei ya kila nakala. Jalada lipakwe plastiki, kwa kuwa kitabu hiki kitakutana na uji, mvua ya Aprili na mikono mingi. Fedha zikikosekana, tengeneza toleo la mistari myeusi kwa fotokopi, watoto wapake rangi wenyewe. Na kama unataka kiingie madukani na maktabani, omba namba ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS.

Wape watoto kabla ya kuwapa watu wazima

Peleka kitabu cha mfano kwa watoto sita au saba wasiokujua vizuri, kwa sababu wanaokupenda watakusifu. Soma bila kueleza. Usitazame ukurasa, watazame wao. Wanapogeukia dirishani, kuna maneno mengi. Wanaposogea karibu, picha inafanya kazi. Wanapouliza "huyu ni nani?" kuhusu mhusika wa ukurasa uliopita, mchoraji amembadilisha sura. Halafu mpe kitabu mmoja wao asimulie peke yake. Akiweza kufika mwisho kwa picha tu, umefaulu. Akikwama, tia alama ukurasa huo na uurekebishe kabla ya kuchapa.

Filamu na kitabu visaidiane

Kwa mzazi na mwalimu, mpango mzuri ni huu: onyesha katuni mara moja, usome kitabu siku kadhaa mfululizo, kisha uionyeshe tena katuni. Mara hiyo ya pili watoto watailinganisha: "Kwenye kitabu alianguka usiku!" Wanaposema hivyo wanafanya kazi ya mhakiki, na unachotakiwa kufanya ni kuuliza, "Wewe unapenda ipi? Kwa nini?" Maswali ya "nani" na "wapi" yana jibu moja na huisha haraka. Uliza "ungekuwa papa ungefanyaje?" na uwape muda.

Mkubwa amsomee mdogo. Nyumba nyingi za mitaa hii zinaendeshwa na dada wa miaka kumi mpaka mama arudi. Kitabu kifupi kinampa kazi ya heshima na kumnolea usomaji wake bila yeye kuhisi anajaribiwa. Mara moja kwa mwezi, kila mtoto atengeneze chake. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kukatwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane. Achague katuni anayoipenda, aisimulie upya kwa michoro sita, kurasa mbili zilizobaki ziwe majalada, na jina lake liandikwe mbele kwa herufi kubwa.

Nakala za ziada zipeleke mahali watoto wanapongoja: kwa kinyozi, saluni, zahanati, vyumba vya Sunday school na madrasa. Peleka pia kwenye maktaba ya KNLS ya Kibera, ambayo iliwahi kutumia kompyuta kibao kuwafundisha watoto wa shule za mtaani na inajua vizuri kuunganisha skrini na rafu ya vitabu.

Usingoje mfadhili ndipo uanze. Wiki hii chagua katuni moja isiyozidi dakika tano na uandike barua ya ruhusa. Wakati unangoja jibu, chukua ngano unayoijua kwa moyo, isimulie kwa sentensi kumi na mbili, ikunje kwenye karatasi, uisome mbele ya watoto wa ploti yako. Kama wataomba irudiwe, unayo hadithi, tafuta mchoraji. Kama hawataomba, ibadilishe na usome tena kesho jioni. Watoto wetu wanaangalia hadithi kila siku; wanastahili pia kuzishika, kuzisoma na kuzimiliki, na watu wa kuwatengenezea ni sisi tunaoishi nao.